Kasi ya Mashine na Sauti ya Bibi

Nakumbuka Ijumaa moja ya mgao wa umeme, na kabla sijakusimulia, mwanangu, nalitaja kosa langu ili usidhani nazunguka. Nilipima kasi ya mashine ikiwa kazini, nikapima ustahimilivu wa betri yake ikiwa imekaa bure, kisha nikaziandika namba hizo mbili kwenye mstari mmoja na kuziamini. Kila namba ilikuwa ya kweli. Zilipokaa pamoja zilikuwa uongo, na uongo ule ulimnyang'anya bibi yangu kitu ambacho sijaweza kumrudishia.

Nakuita mwanangu ingawa miaka thelathini sijaifikisha. Wenye mvi wanisamehe. Lakini wewe unayejifunza kompyuta peke yako kama nilivyojifunza mimi, kwa vitabu vilivyochanika na kwa kufungua vilivyoharibika, nimekutangulia kuanguka, na aliyetangulia kuanguka ana haki ya kupiga kelele kwamba hapa pana shimo.

Siku zile nilikuwa nashinda kwenye duka moja la Kinondoni lililoleta kompyuta zilizotumika kutoka nje. Mwenye duka, Mzee Nassor, alizaliwa dukani kama baba yake; walianza na vitambaa, wakaja kwenye redio, na biashara ya nje ilipofunguliwa wakaingia kwenye kompyuta. Mimi nilimfanyia majaribio ya mashine, naye aliniacha nijifunze. Nilikuwa na daftari la miraba nililolitunza kuliko nguo zangu. Nikikosea herufi moja nilirarua ukurasa mzima na kuandika upya. Nilifanya hivyo kwa woga. Niliogopa siku ambayo mtu aliyesoma darasani angelifungua daftari langu na kucheka.

Kulikuwa na laptopu mbili. Moja ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, aina ya 486 ya mwendo mkali, ya aina ya kompyuta za mezani, iliyobanwa ndani ya kiwiliwili cha safari. Ya pili ilikuwa na 386 ya pole pole, iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubebwa, isiyotaka umeme mwingi. Nilizipa zote orodha ndefu ya majina ziyapange kwa alfabeti. Ya kwanza ilimaliza kabla sijashusha pumzi. Ya pili ungekunywa maji, ukarudisha glasi, ukaisubiri. Kisha nikazijaza chaji, nikaziwasha bila kuzipa kazi yoyote, nikaweka saa mezani. Ya pole pole ilikaa saa tatu na ushei. Ya kasi ilikaa zaidi ya saa mbili na nusu. Nikaandika kwa wino mwekundu: tofauti ya betri ni ndogo, tofauti ya kasi ni kubwa, chagua ya kasi.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema waliotuzaa. Mimi nilijua methali hiyo tangu darasa la pili. Kuijua na kuisikia ni mambo mawili.

Sasa nikueleze tulivyokuwa nyumbani. Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanahawa, aliishi Temeke, na shingoni alikuwa na tezi iliyokua hadi ikawa inamkaba akilala. Jumamosi alikuwa alazwe apasuliwe. Daktari alituambia wazi kwamba mshipa wa sauti umepita karibu na tezi, na sauti inaweza isirudi. Na katika ukoo mzima ni sauti ile tu iliyojua walipolala watu wetu.

Shamba letu la Kiwalani lilikuwa la minazi. Nyumba za watu ziliingia moja moja, hadi ikabaki minazi michache na makaburi chini yake. Hayakuwa na majina. Kwetu, mtoto akizaliwa kitovu chake hufukiwa na juu yake hupandwa mnazi, na aliyejua makaburi aliyajua kwa minazi hiyo: huu ni wa fulani, hesabu hatua tatu upande wa kibla, hapo amelala fulani. Wa mwisho kati ya waliojua alikuwa Bibi. Na Jumatatu walikuwa wanakuja wapimaji wa serikali, kulikata shamba viwanja vya watu. Baba Mdogo Shomari, mdogo wake marehemu baba yangu, alitaka kila kaburi liwekewe jiwe kabla ya siku hiyo.

"Mpimaji hakwepi asichokiona," alisema. "Njoo na kalamu, Bibi aseme, wewe uandike."

Angalia sasa. Kalamu! Mwenye daftari la miraba niandike kwa kalamu jambo la ukoo? Nikamwambia nitaleta laptopu, nitachapa vizuri, kila ndugu apate nakala safi, na serikali ya mtaa ipelekewe karatasi ya kueleweka.

Mzee Nassor alikubali kuniazima. Alipoona nafungasha ya kasi alinitazama juu ya miwani.

"Nani atakuwa anasema, na nani anaandika?"

"Bibi anasema, mie naandika."

"Bibi yako ana mbio?"

"Hapana. Anaumwa shingo."

"Basi chukua hii nyingine, fundi. Hiyo inakula umeme kama bwana harusi."

Nilicheka, nikamfungulia daftari, nikamwonesha wino mwekundu. Aliusoma, akanyamaza. Siku hizi najua kwamba mtu mzima akinyamaza hajashindwa. Amechoka kukuzuia.

Nilifika Temeke baada ya swala ya Ijumaa, umeme wa mtaa wetu ukiwa umekatika tangu alfajiri. Bibi alikuwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Na huyo uliyempakata ndiye mke mwenzangu?"

"Kompyuta hii, Bibi."

"Hee! Namwona anapumua na joto analo. Mie kwenye ujana wangu sikuwa na homa namna hiyo."

Ilikuwa kweli. Mapaja yangu yalianza kuungua kabla hatujamaliza bismillahi. Joto lile lilikuwa chaji ya betri inavuja mbele ya macho yangu, nami nilikunja shuka nikaiweka chini yake, nikaendelea. Baba Mdogo alitoka kuwapokea majirani waliokuja kumwombea mgonjwa, tukabaki wawili.

Bibi alianza na Mwanahamisi. Huyu alikuwa binti yake wa kwanza, aliyekufa kabla ya kutimiza siku arobaini, kabla baba yangu hajazaliwa. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Alisema taratibu, anapumzika kila baada ya maneno manne au matano, na mimi nilichapa. Lakini nakuungamia, mwanangu, sikuwa nasikiliza. Macho yangu yalikuwa kwenye pambizo za ukurasa, maana mstari mmoja ulikuwa umeingia ndani kuliko mingine na ulinikera kama mchanga ndani ya kiatu. Maneno yalipita sikioni yakaenda vidoleni, hayakusimama popote katikati. Na sikuhifadhi kazi. Sikutaka nakala ya kwanza iingie kwenye diski ikiwa na makosa. Nilijiambia nitahifadhi mara moja, ikiwa safi.

Akaenda kwa babu zake, kwa shangazi, kwa ndugu yake aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Ilipita saa moja. Taa ndogo pembeni ya kioo ikawa nyekundu. Nikachungulia daftari langu: saa mbili na nusu. Basi muda upo. Nikaiamini karatasi, nikaikatalia taa. Nikarudi juu kuunyoosha ule mstari.

Kioo kikazimika.

Hakikuonya zaidi ya hapo. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Feni ya ndani ya mashine ilizunguka kidogo ikanyamaza, na kwenye kioo cheusi niliuona uso wangu. Bibi alikuwa katikati ya sentensi. Aliimalizia, akanitazama.

"Amelala mke mwenzangu?"

Nilibonyeza mara ya tatu. Baba Mdogo aliingia, akaniona nilivyo, akaelewa.

"Imebaki nini humo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Saa nzima Bi Mkubwa anajikamua pumzi, hakuna?"

"Shomari, muache," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshakwaruza. Akanigeukia mimi. "Mume wangu, nani alikutuma ukimbie? Mie nilitaka mtu wa kukaa nami mpaka nimalize. Mwenye mbio anifae nini, na mie sina pa kwenda?"

Sijawahi kuchapwa kwa fimbo iliyouma kama maneno yale.

Baba Mdogo alitoa daftari la shule mfukoni na kalamu ya wino wa bluu. Alikuwa nayo tangu mwanzo. Bibi alianza upya, na safari hii alianza na wakubwa: babu wa babu, kisha bibi zake, kisha shangazi, kisha ndugu. Alijua sauti haitoshi, akatanguliza marehemu wa wenzake. Alipobakiwa na mmoja tu alikohoa, akashika shingo, na sauti ikawa upepo mtupu. Baba Mdogo akafunga daftari. Akasema basi, tusimuue.

"Nani amebaki?" akaniuliza tulipotoka uani.

"Mwanahamisi. Alikuwa mwanawe wa kwanza."

"Ulisikia yuko wapi?"

Hapa ndipo ninapoogopa kusimulia hadi leo. Nilikumbuka maneno mawili: mnazi uliopinda. Na shamba lilikuwa na minazi miwili iliyopinda. Ningeweza kurudi ndani, nikapiga magoti, nikasema, Bibi, sikusikiliza, nioneshe kwa vidole, ni wa upande wa barabara au wa upande wa kisima? Angenyoosha kidole tu. Asubuhi gari lilipokuja kumchukua nilimshika mkono hadi mlangoni, nafasi ilikuwepo tena. Sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba alinipa siri ya uchungu wake wa kwanza nami nilikuwa natazama pambizo. Pale uani nilikuwa nimeshamwambia Baba Mdogo, "Nilisikia, napajua."

Jumapili tuliweka mawe. La Mwanahamisi nililiweka mwenyewe, kwenye mnazi wa upande wa barabara. Nilikuwa nabahatisha. Jumatatu wapimaji wakapita, mawe wakayaona, wakayazungukia. Upande wa kisima hawakuona kitu, wakapima kiwanja.

Bibi alipona, lakini sauti haikurudi. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajaweza kutembea, na siku ya kwanza alipoweza alionesha kwa mkono kwamba anataka Kiwalani. Alipita kwenye mawe yote akiyagusa kwa mkongojo, anatikisa kichwa kuridhika. Alipofika kwenye jiwe langu alisimama. Akalitazama, akanitazama. Kisha akageuka, akaenda taratibu upande wa kisima, ambako mnazi ulikuwa umekatwa na msingi wa nyumba umeshajengwa hadi magotini. Akaweka mkongojo juu ya tofali.

Mwenye kiwanja, mtu mstaarabu asiyejua lolote, alidhani bibi kachoka, akamletea kigoda. Bibi akaketi, akainua viganja, midomo ikasoma Fatiha bila sauti. Mimi nilibaki nimesimama. Majuto ni mjukuu, husemwa, na pale mjukuu alikuwa mimi.

Siku ile ile nilimwambia Baba Mdogo ukweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungesema Ijumaa."

Baadaye nilirudi kwa Mzee Nassor nikarudia majaribio, safari hii nikiwa nachapa kweli kwenye mashine zote mbili. Ya pole pole ilikaa karibu saa tatu zile zile. Ya kasi ilizidi saa moja kidogo tu. Programu ya kuandikia haikuwa inaiacha prosesa ipumzike: hata usipogusa kitu, inauliza, kuna herufi? Kuna herufi? Prosesa ya kasi inaulizwa mara nyingi zaidi na kila jibu linakula umeme. Niliitambua tabia hiyo. Ni yangu mwenyewe, kuhangaika pasipo kazi. Na herufi zilitokea kwenye kioo kwa wakati ule ule katika mashine zote mbili, maana hakuna vidole vya binadamu vilivyoishinda 386.

Basi pokea, mwanangu. Ukilinganisha mashine, uliza kwanza kazi ni ipi na anayesubiri ni nani. Kasi uipime katika kazi hiyo, na umeme uupime katika kazi hiyo hiyo, siyo hii ikikimbia na ile ikisinzia. Taa ikikuonya na karatasi yako ikikutuliza, amini taa. Hifadhi kilicho kibovu kabla hujakitafuta kilicho kizuri. Na ukiwa hukusikia, sema hukusikia siku hiyo hiyo, kwa maana aibu ya dakika moja ni nyepesi kuliko jiwe uliloliweka mahali pasipo na mtu.

Mungu akupe mikono iliyotulia na masikio yaliyo wazi. Akukutanishe na wazee wakiwa bado wana sauti, na akupe moyo wa kuwauliza mara ya pili.

Mimi bado ni mwoga. Lakini siku hizi natembea na kalamu, nahifadhi kila aya pamoja na makosa yake, na lile jiwe nililing'oa kwa mikono yangu, Bibi akitazama.