Ukwaju wa Boma Lililohamwa

Cucu, mama yake baba, ndiye aliyeniambia kwanza, nilipokuwa mtoto kule karibu na Ishiara, kwamba tunda la boma lililohamwa haliwekeki. Ukila pale pale chini ya mti, sawa. Lakini ukibeba nyumbani kuweka akiba kabla mzee wa ukoo wenye boma hajauma la kwanza, "litaota ndevu ndani ya chungu."

Boma lenyewe lilikuwa ng'ambo ya korongo. Wenyewe walihama zamani, ikabaki mikwaju tu, nayo ilizaa mpaka matawi yakainama. Mkwaju wetu haukuzaa mwaka ule, na ng'ombe alikuwa amekauka maziwa. Kila mwaka mama alimenya ukwaju, akauanika juani, akaukanda kwa chumvi, akaweka madonge chunguni ili tupate cha kutia kwenye uji wakati wa kiangazi. Bila huo, mdogo wangu alikuwa akitema uji.

Mzee wa kuuma alikuwa Mzee Nyaga, ambaye alibaki peke yake katika ukoo ule. Mama alinituma kwake.

"Mwambie mama yako nitakuja kesho."

Nilirudi tena, akasema kuna matanga. Nikarudi tena, mguu unamuuma. Huku wadudu wakaanza kutoboa maganda.

"Kesho ya Mzee Nyaga haina asubuhi!" mama alifoka. "Na hayo meno ya kuuma anayo?"

"Cheka tu," Cucu alijibu. "Chungu kitakuambia."

Basi jioni moja tulikwenda, mama na mimi, tukachuma, tukaficha kikapu chini ya kuni. Tabu ikawa kuanika. Mahali petu pa kuanika palikuwa juu ya mwamba mbele ya nyumba, na kila apitaye njiani huuona. Mama akatandaza ukwaju chini ya kitanda. Baadaye akaukanda, akafunika chungu.

Kiangazi kilipobana, alikifungua. Zilikuwa ndevu kweli, nyeupe na za kijani.

"Nilisema, sikusema?" Cucu aliuliza.

Mama alikiinua chungu. Alikwenda kuumwaga jaani, na usiku ule mdogo wangu akalala na njaa.

Sasa nami nina watoto, na nikikumbuka bado nakasirika, ila sijui nimkasirikie nani. Linaloniudhi zaidi ni kwamba Cucu alisema kweli. Ukwaju usiopigwa na jua huota ukungu. Mama alijua hivyo, na Cucu aliyemfundisha alijua zaidi. Lile onyo ndilo lililotufanya tuufiche, na kuuficha ndiko kulikouozesha. Hakuna mtu mzima aliyelisema hilo nyumbani mwetu. Mimi nililiona, lakini nilikuwa mtoto mwenye haya, wa kuongea na miguu yangu. Ningemwambia nani?

Kesho yake baada ya chungu kumwagwa, jua likiwa limeshapanda, nilichukua kikapu nikavuka korongo peke yangu. Niliokota matunda yaliyobaki, yale ambayo wadudu hawakuyagusa, nayo hayakufika nusu ya kikapu. Sikuyafunika kwa kuni. Nilipita mbele ya akina mama waliokuwa wakichota maji, nao wakakitazama kikapu. Nilipofika nyumbani niliyamenya, nikayatandaza juu ya mwamba, nikaketi kando yake kufukuza kuku.