Pweza Aliyefunga Mlango

Jioni nikipita stendi hapa Bagamoyo, muuza pweza akinyanyua mfuniko wa sufuria, mate yananijaa na uso unanishuka kwa pamoja. Wenzangu wanachovya vipande kwenye pilipili na kushushia supu. Mimi najifanya nimeona bajaji. Ngoja nikwambie kwa nini, rafiki yangu, na ukitaka kucheka, cheka.

Nililelewa na bibi. Msimu wa upepo wa matlai, bahari ikitulia, tulingoja bamvua, yale maji yanayokupwa mpaka mwamba wote unabaki nje. Wanawake walishuka na ndoo na fimbo nyembamba, wakisutana na kuimba. Mimi nilifuata nyuma na raba zilizotoboka, nikiota kwamba siku moja nitavuta pweza wa kulisha mtaa mzima.

Bibi alikuwa na mashimo yake ya pweza, aliachiwa na mama yake, na kila mtu aliyajua kuwa ni yake. Alichokoa taratibu, pweza akaikumbatia fimbo, naye akamvuta. Lakini shimo likiwa limezibwa kwa vijiwe kutoka ndani, hakuligusa. "Huyo analea," alisema. "Pweza akifunga mlango, hapigiwi hodi." Wenzake walimsikiliza kwa hilo.

Mwaka mmoja mama mdogo akaja kuposwa. Wakwe walitoka Kiwangwa, watu wa mananasi na mihogo, na bibi alikwisha kuwaahidi pweza wa nazi. Siku hiyo bahari ikatunyima. Shimo hili tupu, lile tupu. La mwisho, kubwa kuliko yote, lilikuwa limezibwa.

Bibi aliinama akalitazama kwa muda.

"Bibi, na wakwe?"

"Watakula dagaa."

Tukarudi, ndoo kaifunika kanga ili njiani isionekane kuwa tupu.

Hatujamaliza kuosha miguu, jirani akaingia uani. Alikuwa nyuma yetu kule mwambani. Pweza kamshika mkononi, kishampiga kwenye mawe mpaka kalainika.

"Shoga, umemsahau huyu. Mkwe halishwi dagaa. Kwani binti unamwoza kwa paka?"

"Mlango haukuwa umefungwa?"

"Nilipiga hodi, hakuitikia," jirani akasema, akajichekea.

Mama mdogo alisimama jikoni, mwiko mkononi, macho kwa bibi. Bibi alimtazama yeye, akamtazama pweza, kisha akaniambia nikakune nazi.

Wakati wa kumwosha niliona vijimayai vimegandia kwenye mikono yake, mfano wa punje za mchele, kila kimoja na vidoa viwili vyeusi vya macho. Bibi naye aliviona. Akamwaga maji, akaosha tena.

Wakwe walilamba vidole. Mzee wao akasema hajapata kula kitu kama kile tangu azaliwe. Bibi akamjibu, "Karibuni tena," kwa sauti ya chini, na mkono wake haukufika kwenye sinia. Mimi nilirudia mara ya pili. Sitakudanganya, alikuwa mtamu.

Posa ikapokelewa. Jirani naye hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Bamvua iliyofuata bibi alimkuta mwanamke anabomoa vijiwe, akamkataza. Yule akainuka, mkono kiunoni: "Kwani wewe wakwe zako uliwalisha nini?" Wenzake wakacheka. Bibi akaokota ndoo yake. Tangu siku hiyo hakumkataza mtu tena, na hakuna mlango uliobaki salama.

Bibi hayupo sasa. Nyimbo za mwambani nazo hazipo, na pweza wengi wa hapa hushushwa kwenye makasha ya barafu, wametoka kusini. Watoto wa mama mdogo wakija likizo, nawatembeza mwambani maji ya bamvua yakikupwa. Wazuri wale watoto, wana vicheko, nawapenda mno. Mdogo wao ananiuliza, "Dada, kwani pweza wa huku walikwenda wapi?" Namwambia wamehamia maji marefu. Sina ujasiri wa kumwambia kuwa tuliwala siku ya posa ya mama yake.