Chupa Moja ya Surua

Mimi si mtu wa kusema. Darasani najua jibu, nanyamaza mpaka mwingine alitoe. Kwa hiyo likizo ile, nesi wa zahanati yetu hapa Zinga aliponituma nikatafute watoto, nilitamani ardhi ipasuke.

Chanjo ya surua ilikuwa haba wilaya nzima. Kwenye jokofu ilibaki chupa moja ya watoto kumi, na ikishafunguliwa hailali, kinachobaki kinamwagwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa ametimiza miezi tisa, na surua ilishaingia nyumba ya jirani. Mimi na dada tulifika zahanati mapema, tukakuta wenzetu wawili tu wenye watoto.

"Watatu siwafungulii," nesi akasema. "Dozi saba nizimwage? Dada yako abaki hapa. Wewe una miguu, niletee watoto kabla ya adhuhuri."

Nikapiga hodi nyumba tatu, kimya. Ya nne bibi mmoja akachungulia: "Wenye nyumba wote wako shughulini, wanachagua mchele wa harusi."

Nikaenda. Uani mikeka, nyungo, na watoto wamelazwa juu ya kanga kila pembe. Nikasema shikamooni, hakuna aliyesikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Shikamooni! Mwenye mtoto wa miezi tisa hajachanjwa surua, chupa inafunguliwa leo tu!"

Dada wa bibi harusi akacheka. "Jamani, leo bubu kasema! Na huu mchele utachaguliwa na nani, wewe?"

"Na mimi. Nendeni."

Wakabeba watoto wao, wakaondoka wanataniana njia nzima. Dada wa bibi harusi akabaki na mwanawe, amalize ungo wake kwanza. Mimi nikakaa na mabibi, nikatoa mawe mpaka macho yakaniwasha.

Walirudi pamoja na dada yangu, watoto wanalia, wake akiwashinda wote. Nikashusha pumzi. Wa mwisho kurudi alikuwa dada wa bibi harusi. Mwanawe halii.

"Nimekuwa wa kumi na moja," akasema, akaketi karibu yangu. "Nesi kapiga simu wilayani. Zahanati ya Kerege wana chupa ya ziada, Jumatatu wanatuletea. Lakini anataka kumi tena." Akachukua ungo. "Bubu, Jumatatu utakuwepo?"

"Nitaanza hodi asubuhi," nikamwambia. "Ila safari hii wewe utangulie foleni. Ungo niachie."