Kidole cha Fundi wa Vigari

Fundi wa vigari vya rimoti pale Mkunazini hakuulizi kwanza umekuja na kiasi gani. Hukipokea kigari chako kwa mikono miwili, kama apokeaye bakuli la uji wa moto, akakigeuza tumbo juu, akapitisha kidole kwenye ekseli, kisha akakilamba kile kidole. Akikunja uso kwa chumvi ya pwani, umeshapatikana. "Paje au Kiwengwa?" huuliza, kwa sauti ya mtu aliyeko msibani.

Nadir, mpishi wa hoteli huko Paje, alimpelekea kigari cha rahisi kilichokufa na rangi yake ingali mpya. Wenzake walikuwa wakimcheka kila wakishindana mchangani, maji ya bahari yakitoka. "Nteremshie kile cha ghali, fundi," alisema, akionesha rafuni. "Nshachoka na rahisi." Fundi akaonja, akakunja uso, akakataa. "Kile kizuri wallahi, giya zake za chuma. Lakini chumvi haijui ghali wala rahisi, mwanangu. Usipokosha, na hicho utanletea maiti." Akakifungua kile kibovu, akakisugua kwa mswaki mkuukuu, akakipaka girisi, mpaka kikanguruma. "Kikoshe kwa maji ya mfereji, yasiyo chumvi, kila ukitoka pwani."

Siku hizi wenzake wakishaondoka na vigari vyao vilivyojaa mchanga, Nadir hubaki mferejini akikosha chake kile kile. Akimaliza hupitisha kidole kwenye ekseli, akakilamba, na asipoonja kitu humwombea dua mtu aliyekataa kumuuzia.