Ziwa Nyuma ya Ndagala

Wakati wa vita, mama mmoja aliyeuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, jirani na kwetu Uvira aliniomba nimpigie picha ya mali yake. Wanunuzi wa Bukavu walikuwa wamekataa samaki wa huku. Watu walisema ndagala wanakula miili inayoshushwa na mto Ruzizi hadi ziwani. Wa kwake walitoka kusini, upande wa Fizi, lakini nani angemwamini? Alitaka picha ya kuwaonyesha: samaki, kichanja safi, mikono yake. Mali ile ikimwozea, watoto wake wangelala njaa.

Nilifika asubuhi. Nilitazama kichanja, kisha nikainua macho. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Burundi ilionekana ng'ambo kana kwamba imeoshwa. Nikapiga magoti ili vyote viingie.

Picha iliposafishwa Bujumbura, nilimpelekea nikijivuna. Aliitazama sana.

"Fotografe, minye niliomba ndagala. Haya maji ni ya nini?"

"Mama, bila ziwa inabaki picha ya samaki tu."

"Na minye niko nauza nini, milima?"

Dada yake, aliyekuwa akichambua samaki kando, akacheka. Nikacheka pia. Yeye hakucheka.

"Nilikaa matanga kwenu," akasema polepole. "Nililala chini pamoja na mama yako. Sikufikiri weye ndiye utaniwekea haya maji."

Kaka yangu alijaribu kuvuka Ruzizi akikimbia vita, hakufika ng'ambo. Tulimlilia bila mwili, bila kaburi. Na asubuhi ile, nimepiga magoti mbele ya maji yale, sikumkumbuka hata kidogo. Nilikuwa nawaza mwanga.

Mpaka wa Kavimvira, njia ya kwenda Bujumbura, ulikuwa umefungwa tena, nisingeweza kusafisha filimu nyingine. Akaniletea mkasi. Nikakata juu tu ya kichanja. Ikabaki picha fupi, isiyo na sura, ya samaki na mikono. Ndiyo aliyoituma Bukavu, na magunia yake ya samaki yakachukuliwa yote.

Kipande cha maji kilibaki mkononi mwangu. Niliogopa kukitupa, nikaogopa zaidi kumwonyesha mama yangu. Ninacho hadi leo. Nikikitoa najaribu kumtafuta kaka yangu mle, lakini ninachoona ni picha nzuri. Haya inanishika, nakirudisha.