Saa Moja na Nusu Hadi Dar es Salaam

Siku yangu ya kwanza katika kiwanja cha ndege cha Nachingwea nilipewa fimbo ya kufukuzia mbuzi waliokuwa wakilala kwenye njia ya kurukia ndege. Ilikuwa miaka ya lile shamba kubwa la karanga la Waingereza. Baadaye niliwekwa kwenye pampu ya mafuta. Nilipokwisha kujifundisha hesabu kwa kitabu cha kuazima, Msimamizi wa Kiwanja akanifanya karani wa safari.

Kazi yangu ilikuwa kukadiria saa ya kufika. Hadi Dar es Salaam ni maili kama mia mbili na arobaini. Ndege yetu ya injini mbili ilikwenda maili mia na hamsini kwa saa, ukitoa upepo wa mbele, ambao tuliusoma kwenye mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti.

"Maili peke yake hazitoshi," Msimamizi alikuwa akiniambia. "Uliza kwanza njiani kuna nini."

Mwaka wangu wa tatu, mama aliugua tumbo kwetu Narung'ombe. Mganga wa serikali akasema lazima apasuliwe Dar es Salaam, tena upesi. Msimamizi akampatia nafasi katika ndege ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo angebebwa kwa machela. Nikapiga hesabu: maili tatu kwa saa, pamoja na usingizi na chakula. Nikaongeza saa mbili za akiba, nikampelekea kaka yangu Saidi saa ya kuondoka kijijini.

Saa nne ikafika, hawapo. Msimamizi aliizuia ndege nusu saa. Mawingu yakazidi kaskazini, akairuhusu. Machela iliingia saa tano na robo.

"Mlikuwa mmelala wapi?" nilimuuliza Saidi.

"Tulale wapi, bwana mkubwa wa ndege? Kila kijiji tumemteremsha. Akina mama wamwone, wampe pole, vijana wao watupokee hadi kijiji cha pili. Au ulitaka tumpitishe kimya kama maiti?"

"Mwache kaka yako," mama alisema. "Pale kijiji cha Naipingo wamenipa uji. Ulikuwa mzuri."

Ndege nyingine ilikuwa ya Jumatatu. Mama alifariki Jumamosi, nyumbani kwangu.

Niliendelea na kazi hiyo, Nachingwea kisha Mtwara, na makadirio yangu hayakupishana sana na saa ya kutua. Wakubwa walinisifu kwa hilo.

Nilipostaafu nilichukua karatasi, nikaipiga upya hesabu ya machela. Vijiji kumi na vitatu, robo saa kila kimoja: saa tatu na robo. Nikatoa saa mbili za akiba. Ikabaki saa moja na robo, kama walivyochelewa. Ilikuwa hesabu nyepesi, na vijiji vyote nilikuwa navijua kwa majina.