Shuka Juu ya Jiwe la Katindo

Mawe ya Goma ni meusi na yanakunywa jua. Ukitandika nguo juu ya makoro, ndivyo tunavyoita yale mawe ya volkano, inakauka kabla hujamaliza kuchagua maharagi. Kwa hiyo sisi bibi za maaskari, ku kambi ya Katindo, hatukuhangaika na kamba. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake kwa nyuma. Langu lilikuwa la mwisho kabisa, upande wa ziwa, jiwe kubwa lenye umbo la ng'ombe aliyelala.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakubwa. Bwana yangu alikuwa askari wa miguu, na plantoni wa kapiteni mumoja muzungu. Alimupigia viatu rangi, alimubebea sanduku, na nguo zake alizileta kwangu nizipige pasi. Majina yao ninayajua yote, na ya bibi wote wa mustari wetu, nyumba kwa nyumba. Sitayataja. Wengi wamekufa, hawana namna ya kunijibu.

Siku moja bwana yangu akarudi na koti la kaki la kapiteni.

“Anasema ufumue nyota zote.”

“Amekosa nini?”

“Hajakosa kitu. Anaacha jeshi la miguu, anaenda kwa jeshi la ndeke. Amejifunza kuiendesha angani. Lakini kule anaanza chini, kama mutoto wa kwanza primeri.”

Nikafumua kwa wembe, polepole, nisikate kitambaa. Chini ya nyota kaki ilikuwa mbichi, rangi ya siku koti lilipotoka dukani. Pembeni jua lilikuwa limeila. Nililifua mara tatu. Nililitia wanga wa muhogo, nikalipiga pasi ya makala ya moto mpaka mukono ukauma. Nyota hazikuondoka. Zilibaki pale kama kovu la ndui. Nikalirudisha hivyo hivyo, kwa woga. Bwana yangu aliniambia kapiteni alilitazama kwa muda, kisha akalivaa.

Tangu siku ile wenzake hawakukaa naye mezani. Bwana yangu ndiye alimupelekea chakula, na aliona. Wale wa miguu walimuita kuku anayejifanya tai. Na alipokwenda kwa watu wa ndeke kujaribiwa, wale nao walimuuliza kama amekuja na matope yake. Alikuwa mutu wa miaka karibu makumi ine, anapokea amri kwa vijana wasio na ndevu. Bwana yangu alinielezea haya akicheka. Hakujua zamu yake inakuja.

Kapiteni alimuomba amufuate. Sisi weusi hatukuendesha ndeke wakati ule. Kazi ya maaskari weusi ilikuwa kuisukuma, kuisafisha, kuimiminia mafuta. Lakini bwana yangu alikubali siku ileile. Kambi ikamuchekelea.

“Ee, ndugu, ukifika juu utusalimie Mungu!”

“Utakaa wapi wewe? Watakufunga kwa mukia!”

“Nifungwe kwa mukia,” akajibu, “mukia wenyewe utapita juu ya kichwa chako.”

Mimi sikucheka. Mahali pa zile ndeke palikuwa mbali, chini kule Katanga, safari ya siku nyingi. Na mama yangu alikuwa Kibati.

Mutu asiyejua Kibati hataelewa. Mvua inanyesha kule karibu kila siku, lakini maji hakuna. Volkano inayakunywa yote. Hakuna kijito, hakuna kisima. Unatega mvua kwa majani ya migomba, na kiangazi kikifika unatembea mbali na mutungi kichwani. Mama yangu alikuwa mujane, na mimi mutoto wake mumoja aliyebaki. Goti lake moja lilikuwa limekufa. Kila siku ya mungu, misa ikiisha, nilipanda njia ya Kibati na kumujazia mitungi miwili. Hayo yalikuwa maji yake ya juma zima.

Bwana yangu hakunilazimisha. Ninataka hilo lijulikane. Asubuhi ya kuondoka, kamio ya kuwabeba ikinguruma, aliniambia:

“Lisiti ya majina ya bibi za watu wa ndeke inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Ukikubali, utaandikwa, watakuja kukuchukua. Ukikataa, nitaandikwa mutu bila bibi, na mutu bila bibi wanamutuma popote.”

“Nitakujibu namna gani? Niandike barua?”

“Usiandike. Karani ataisoma mbele ya kambi nzima.”

“Hata kuandika kwenyewe sijui, ningeandika na nini? Na kijiko?”

Akacheka kidogo. Kisha akanieleza. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, ya mwisho wa mwezi huu, asubuhi, kapiteni angepita juu ya Goma na ndeke akienda Bunia, bila kushuka. Angetazama jiwe langu, lile la mwisho upande wa ziwa. Kama liko na shuka nyeupe, ninakuja. Kama liko tupu, ninabaki na mama.

Nyumba waliniachia mpaka lisiti ifungwe. Niliishi pale kama mutu aliyesahauliwa sokoni. Jioni mabwana wa wengine walirudi, nilisikia viatu vikipita mulango wangu, na mulango ukabaki mulango. Nilipika kidogo, nikala nimesimama.

Nilimuambia mama yangu habari yote. Akavuta tumbako yake.

“Mwanamuke anafuata bwana yake,” akasema.

“Na maji?”

“Mutungi utauweka hapa karibu ya mulango. Nitaufikia.”

Nikatazama mulango, nikatazama kitanda. Alikuwa ameshapima ule mwendo. Na siku ya mungu iliyofuata, nilipofika na maji, nilikuta mutungi wa juma lililopita uko nusu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa hanywi, ili nione kwamba maji yanamutosha, niende bila wasiwasi.

Pale nikaamua. Nilishuka kurudi Katindo nikijua jiwe langu litabaki tupu. Nililia njiani, kisha nikanawa uso na umande wa majani, nikaingia kambi kama mutu anayetoka sokoni. Shuka nyeupe niliikunja, nikaitia chini kabisa ya sanduku, juu yake vikwembe vyote.

Sasa sikia jinsi mambo ya kambi yalivyo. Siku ya tano, ndiyo Ijumaa, jioni, kesho yake ndeke ipite, sajenti akazunguka mustari kwa mustari akipiga filimbi.

“Kesho Komanda mukubwa anakagua! Mashuka yote, mablanketi yote, inje! Saa tatu kila jiwe liwe jeupe! Nyumba ambayo jiwe lake liko tupu, itatoka ku kambi siku ileile!”

Ningeweza kusema nini? Kwamba ninangojea ndeke? Nikafikiri: nitatandika kama wengine, na nikisikia ndeke nitaondoa. Ikishapita, nitarudisha. Nilijiona mwenye akili.

Asubuhi kambi yote ilikuwa nyeupe. Sijaona kitu kama kile tena, mawe meusi yale yote yamefunikwa kama meza za kanisa. Wanawake walisimama kila mumoja karibu ya jiwe lake. Jirani yangu alikuwa bibi ya sajenti, mama mukubwa mwenye mikono ya kutwanga, ambaye hata maaskari walimuogopa kuliko bwana yake. Hakukuwa na upepo. Mashuka yalilala kimya.

Komanda alikuwa mustari wa pili niliposikia ndeke upande wa ziwa. Nikashika shuka, nikaikusanya yote kifuani. Jiwe likabaki tupu.

“We! Unafanya nini?” Bibi ya sajenti alikuwa ameshanifikia.

“Kidogo tu, mama, nitarudisha.”

“Komanda yuko pale, wewe unakusanya shuka? Unataka atuone wote wachafu?”

“Acha kwanza ndeke ipite, mama, nakuomba.”

“Ndeke?” Akageukia wengine. “Musikie malkia huyu! Ndeke nayo inakuja kukagua shuka yake!”

Walicheka mustari muzima. Akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine. Tulivutana kama watoto. Alinizidi nguvu. Shuka ikatoka mikononi mwangu, akaitupa juu ya jiwe, akainyoosha kwa mapigo mawili ya mukono, akasimama mbele yake kama mulango.

Ndeke ikapita juu yetu, chini sana, mpaka nikaona chuma cha tumbo lake. Iliinamisha bawa moja. Kisha ikaenda kaskazini, upande wa volkano, ikapita juu ya Kibati bila shaka, na mama yangu bila shaka alitoka kuitazama.

Komanda akafika. Akatazama shuka yangu, akasema ni safi.

Majuma mawili baadaye karani akaniita na karatasi. “Umeandikwa. Kamio inakuja siku ya tatu.”

“Kuandikwa hakufutwi?”

“Bwana yako ndiye anaweza kufuta. Yuko Katanga. Unataka nimuandikie kwamba bibi yake alimudanganya mbele ya wazungu?”

Ningeweza kukataa kupanda kamio. Ninajua. Watu hukataa. Miaka hii yote nimejiuliza kama ilikuwa woga, ama kama ndani kule nilifurahi kidogo kwamba mutu mwingine ameamua. Nilikwenda Kibati nikajaza mitungi miwili, nikaiweka karibu ya mulango, nikaomba jirani amuchotee. Jirani alikubali. Mama alinishika kichwa kwa mikono yote miwili.

“Nenda,” akasema. “Mimi niko hapa.”

Sikumueleza habari ya shuka. Nilimuacha afikiri nimechagua.

Katanga kulikuwa uwanda, majani tu, hakuna mulima wa kushikia macho. Nguo tulizianika juu ya waya. Bibi wengine walikuwa watu wa mbali, walisema lugha zao, na walipocheka sikujua wanacheka nini. Bwana yangu alifurahi. Alitoka alfajiri, alirudi ananuka mafuta, akaniambia habari za ndeke mpaka usingizi ukamukamata. Wale wa zamani pale walimuita “Miguu.” Hakujali. Alikuwa na bibi yake, alisema, bibi aliyejibu kutoka juu ya jiwe.

Kapiteni, sasa piloti, ndiye aliyekuwa peke yake. Alikaa nyumba ya mwisho, kama mimi zamani. Nyota zake zilirudi moja tu. Jioni wenzake walikunywa pamoja. Yeye alitembea pembeni ya uwanja, ng'ambo hii na ng'ambo ile, mwendo wa askari wa miguu.

Mchana mumoja alikuja mwenyewe kuchukua shati. Bwana yangu alikuwa kazini. Nilimuletea kiti, hakukaa. Alisema Kiswahili cha kambi, cha amri, lakini siku ile alikisema taratibu.

“Mama, mimi pia niliuliza bibi yangu, kule Ulaya. Nilimuandikia: ninaacha miguu, ninaenda ndeke, mushahara utapungua, utakuja?”

“Akajibu nini, Kapiteni?”

“Hakujibu.”

Nikakunja shati upya, ingawa lilikuwa limekunjwa.

“Ile siku,” akasema, “nilitoka ziwani, nikaona jiwe lako. Mwanzo halikuwa na shuka. Kisha lilikuwa na shuka.”

Nikalaza shati juu ya kiti.

“Ni upepo, Kapiteni. Upepo uliitupa, tukarudisha.”

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa jua.

“Siku ile hakukuwa na upepo,” akasema. “Upepo ndiyo kazi yangu.”

Kuku wangu mumoja alipita kati yetu, akadonoa kamba ya kiatu chake. Ningeweza kulia pale, kusema yote, kumuambia mama yangu ana goti moja na mitungi miwili. Nafikiri angenirudisha. Ama nafikiri alikuja akiogopa nitamuomba hivyo.

“Bwana yako aliniuliza jiwe lilikuwa namna gani,” akasema. “Nilimuambia jeupe. Alikuwa amesimama chini ya bawa, ananingojea. Sikutaka kuleta hapana nyingine.”

Akachukua shati, akaenda. Hatukusema tena habari hiyo, yeye na mimi, mpaka alipohamishwa.

Mama yangu alikufa kiangazi kilichofuata. Habari ilinifikia mwezi muzima umepita, kwa mutu wa kwetu aliyekuja na treni. Alisema jirani walimutunza vizuri, walimuchotea maji mpaka mwisho. Alisema hivyo. Sikuuliza mutungi ulikutwa na maji ama mutupu.

Tulirudi Goma baada ya uhuru, tukajenga nyumba ku mutaa wa Majengo. Bwana yangu alizeeka vizuri. Wajukuu wakikusanyika, hakuna hadithi aliyoipenda kuliko ile.

“Mama yenu huyu,” aliwaambia, “hakujua kuandika hata herufi moja. Lakini alinitandikia barua mpaka piloti akaisoma kutoka juu! Kambi nzima ilikuwa na mashuka, lakini lake lilikuwa jeupe kuliko yote. Si kweli, mama?”

Wajukuu walinigeukia. Mimi niligeuza bugali.

“Muzee huyu,” nilisema, “anapenda kuongeza chumvi.”

Wote walicheka, naye zaidi ya wote.

Sasa amelala kaburini, na bibi ya sajenti pia, na piloti, popote alipokuwa, lazima naye amelala. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua lile jiwe lilikaa tupu kwa muda gani. Haukuwa muda mwingi. Ulikuwa muda wa kuvuta pumzi ine, pengine tano.